Mbegu za Papai, Safura na Damu ya Bi Harusi



Leo tunavuka bahari kidogo. Nani kati yetu hana shangazi Temeke au mama mdogo Kinondoni? Jamaa zetu walipohamia huko walibeba vitanga vyao vya mkeka, mbuzi zao za kukunia nazi, na dawa za tumbo za bibi. Dawa hizo bado zipo, ila jina la ugonjwa limebadilika njiani, na wanaoumia kwa hilo ni wanawake.

Neno chango kwa wazee lilikuwa utumbo, na michango ilikuwa minyoo. Mtoto akivimba tumbo na kukonda mashavu, bibi alisema ana michango. Leo ukikaa na kina mama sokoni Tandika au Tandale utasikia chango likitajwa kwa kila maumivu yaliyo chini ya kitovu. Bi harusi akikaa miezi mitatu bila kushika mimba, basi ana chango la uzazi, na chupa ya mizizi inaletwa. Minyoo yenyewe hakuna anayeiuliza.

Tuanze na jikoni. Magome ya mkomamanga yalitumika kwa minyoo tangu Misri ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Matabibu wa Kiarabu waliviita vipande vya tegu "mbegu za mung'unye", kwa kuwa vinafanana nazo. Papai ni mgeni: asili yake ni Amerika, likafika pwani yetu baada ya Wareno. Lakini lilizoeleka haraka. Mbegu zake zilikaushwa, zikatwangwa, zikalambwa na asali au kutiwa kwenye uji asubuhi kabla ya kula kitu. Wengine walitumia mbegu za maboga, kitunguu saumu au nazi iliyokunwa. Kisha, na hapa ndipo wengi wetu tunaposahau, mgonjwa alinyweshwa mafuta ya mbarika aharishe. Hospitali za mwanzo wa karne ya 20 nazo zilifanya hivyo hivyo: mafuta makali ya mmea, halafu dawa ya kuharisha. Vidonge vya mebendazo vilikuja miaka ya 1970.

Je, mbegu za papai zinafanya kazi? Mwaka 2007 watafiti wa Nigeria walichapisha matokeo ya watoto 60. Kati ya 30 waliopewa mbegu za papai na asali, 23 hawakuonekana tena na vimelea kwenye choo baada ya wiki moja. Kati ya 30 waliopewa asali tupu, ni 5 tu. Bibi hakuwa mjinga! Lakini watoto 60 ni wachache, na kijiko cha bibi yako si kijiko cha bibi yangu. Magome ya mkomamanga sisi tungeyaacha kabisa, yana sumu. Habasoda ina heshima yake katika hadithi na haitoki makabatini mwetu, ila Mtume (s.a.w.) pia ametuamrisha kujitibu, na kidonge ni tiba.

Sasa safura. Jina hili linatokana na neno la Kiarabu la umanjano, maana mgonjwa hupauka. Mnyoo wake kwa kawaida hauliwi na chakula. Mwaka 1898 huko Cairo, Arthur Looss alidondokewa na maji yenye viluwiluwi vyake mkononi, na hivyo akagundua kuwa wanapenya ngozi. Kwa hiyo fikiria mabonde ya Kinondoni na Temeke wakati wa masika, vyoo vinapotapishwa mvua ikinyesha, na watoto wanapita pekupeku. Mnyoo ukishafika tumboni hunyonya damu. Huku kwetu Pemba watafiti walipima wanafunzi miaka ya 1990 wakaona jinsi safura inavyowamaliza damu. Maabara ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Chake Chake mwaka 2000, na mpaka leo dawa za minyoo zinafanyiwa majaribio pale.

Wajua wanawake wa Dar es Salaam wanauitaje ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni? Pemba! Sera Young alifanya utafiti kisiwani Pemba kwa wajawazito wanaokula vitu kama hivyo, akakuta tabia hiyo inakwenda pamoja na upungufu wa damu. Hamu ya udongo si uchafu wala uchuro. Inaweza kuwa mwili unalia.

Hapa tunamgeukia mwali wetu. Akitoka ndani baada ya wiki za singo na liwa, watu husifu weupe wake. Kabla ya sifa, somo amvute kope ya chini ya jicho. Ikiwa ndani ni nyeupe badala ya nyekundu, apelekwe akapimwe damu na choo. Chupa ya chango isubiri.

Akishika mimba, mbegu za papai asiziguse. Kliniki humpa dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya mwanzo, pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Jikoni kunabaki kazi ambayo bibi zetu waliifanya baada ya kuharisha: kurudisha damu. Maini, dagaa, kunde, mchicha, kisamvu, na ndimu ikamuliwe juu, au papai bivu baada ya chakula, kwani husaidia chuma kuingia mwilini. Chai huzuia. Inywewe saa moja au mbili baadaye.