Kapo Iliyozunguka Dunia na Kamera Kabla ya Instagram, na Watu Waliowabebea Mizigo

Wadau, tukiongelea kapo za kusafiri siku hizi, picha inayokuja kichwani ni ileile. Dada ana gauni refu linapepea, kaka amemshika mkono, nyuma yao bahari ya bluu, chini kuna maneno matamu na jina la hoteli iliyowadhamini. Wengi tunaamini maisha ya namna hii yameletwa na simu. Sio kweli bana. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kulikuwa na mume na mke kutoka Marekani ambao kazi yao ilikuwa hiyohiyo: wanasafiri, wanajirekodi, wanauza. Wanaitwa Martin na Osa Johnson, na kazi zilizowapa jina kubwa walizifanya huku kwetu, Kenya, Tanganyika na Kongo.

Stori yao ni tamu kweli, sitaki kudanganya. Ila ina upande ambao haukuingia kwenye picha, na huo ndio unatuhusu sisi zaidi. Twende taratibu.

WALIVYOANZA

Martin alizaliwa 1884 akakulia Independence, mji mdogo wa Kansas. Baba yake alikuwa na duka la vito ambalo liliuza pia vifaa vya Kodak, kwa hiyo kijana alishika kamera mapema. Mwaka 1906 akasikia kwamba mwandishi maarufu Jack London anatafuta mtu wa kuongozana naye kuzunguka dunia kwenye chombo chake kidogo cha tanga kinachoitwa Snark. Akaandika barua ya maombi na akachukuliwa kama mpishi, ingawa upishi wenyewe haukuwa fani yake.

Ile safari haikumaliza dunia kwa sababu London aliugua wakiwa visiwa vya Pasifiki. Lakini Martin alirudi nyumbani na picha, akaanza kuzionyesha watu kwa kiingilio. Huko ndiko alikokutana na Osa Leighty, binti wa Chanute, palepale Kansas. Mwaka 1910 wakaoana harakaharaka. Martin alikuwa na miaka 25, Osa alikuwa na 16. Ndiyo, 16. Leo tungeuliza maswali, wakati ule kwao yalipita.

Baada ya ndoa haikuwa fungate. Ilikuwa karibu miaka saba ya kuhangaika kwenye kumbi ndogo za burudani, mji kwa mji. Martin anaonyesha picha na kusimulia, Osa anaimba nyimbo za Hawaii. Lengo lao lilikuwa kukusanya mkwanja wa kusafiri wenyewe.

DUNIA NZIMA NI STUDIO

Mwaka 1917 wakaondoka, wakaelekea visiwa vya Solomon na New Hebrides, ambayo leo ni nchi ya Vanuatu. Kwenye kisiwa cha Malekula walipanda milimani kumpiga picha chifu aliyeitwa Nagapate, mambo yakawabadilikia, wakazuiliwa. Kwa simulizi yao, waliponea baada ya meli ya doria ya Waingereza kuonekana ghubani. Walichorekodi wakakitoa sinema mwaka 1918 na kuinadi kama habari za wala watu. Ikauza.

Hapo ndipo walipojifunza biashara yenyewe. Mtazamaji wa Marekani alikuwa halipi kuona mtu wa mbali anaishi maisha yake ya kawaida. Alilipa aogope au acheke. Somo hilo waliendelea nalo kila nchi waliyofika.

Mwaka 1920 wakawa Borneo. Mwaka 1921 wakashuka Kenya kwa mara ya kwanza, na hapo wakanogewa. Wakarudi 1924 wakakaa mpaka 1927, muda mwingi wakiwa kwenye ziwa lililo ndani ya kasoko ya mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Wao waliliita Lake Paradise, yaani ziwa la peponi. Wakajenga kijiji kabisa: nyumba za udongo na makuti, chumba cha kusafishia filamu, bustani ya mboga ya Osa. Hela ilitoka kwa wadhamini, mmojawapo George Eastman, yule mwenye kampuni ya Kodak, na jumba la makumbusho ya viumbe la New York likawapa baraka zake.

Na Osa hakuwa pambo, hili tulimpe haki yake. Kamera za wakati ule zilikuwa za kuzungusha kwa mkono. Martin akishazungusha hawezi kushika kitu kingine wala kukimbia. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: mume anarekodi, mke anasimama pembeni na bunduki. Faru au tembo akiwajia, uhai wa Martin upo kwenye shabaha ya Osa. Tena miaka ambayo Marekani kwenyewe mwanamke alikuwa ndiyo kwanza amepata kura nchi nzima, mwaka 1920.

Kutoka huko wakatoa sinema ya Simba mwaka 1928, na Martin akatoa kitabu kinachoitwa Safari. Cheki hayo majina, Kiswahili kitupu. Kwetu safari ni safari yoyote, hata ya basi kwenda Mbeya kwenye msiba. Kwa mtu wa Ulaya na Marekani neno hilo likabaki na maana moja tu, kwenda Afrika kuangalia au kuwinda wanyama. Johnson hawakuwa wa kwanza kulibeba neno hilo, lakini ni kati ya waliolisambaza kwa nguvu.

SASA NANI ALIKUWA ANABEBA?

Kutoka Nairobi mpaka Marsabit ni zaidi ya kilomita 500, na miaka hiyo barabara ya maana hakuna. Filamu, kamera, mahema, chakula cha miezi, dawa, vyombo vya kusafishia picha, vyote vilifika vipi? Magari yalikuwepo, mikokoteni ya wanyama ilikuwepo, na wapagazi walikuwepo, wanaume wengi wakitembea na mizigo. Kulikuwa na wapishi, wabeba bunduki, wachota maji, wafuatilia nyayo.

Mmoja anatajwa kwa jina, Boculy, ndivyo walivyoliandika. Alikuwa bingwa wa nyayo za tembo, na Martin mwenyewe aliandika jinsi walivyomtegemea. Fikiria hilo. Watu wametoka Kansas kuja kugundua ziwa, na kuna mtu anawapeleka kwa sababu njia anaijua. Wengi wa wenzake Boculy kwenye picha wanabaki kuwa mistari ya watu wenye mizigo kichwani.

Halafu kuna ishu ya kipande. Kenya ilitangazwa koloni mwaka 1920, na ni kipindi hichohicho mfumo wa kipande ulianza kufanya kazi. Mwanaume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole na kumbukumbu za mwajiri wake, na akitoka kwenye eneo lake awe nayo. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ukiacha kazi bila mwajiri kukusainia, unasakwa kama mhalifu.

Watu hawakukaa kimya. Machi 1922, katika kipindi cha safari ya kwanza ya akina Johnson Kenya, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Umati ukajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mwanamke anayeitwa Muthoni Nyanjiru akawachachafya wanaume wanaosita, polisi wakafyatua risasi, watu zaidi ya 20 wakafa, Muthoni akiwemo.

Sasa weka hizo stori mbili pamoja. Kapo moja inavuka bahari na mipaka, inakaa miaka kadhaa kwenye nchi ya watu, inaita sehemu za watu majina inayotaka. Mbele yao anatembea mwanaume mwenye nchi yake, amebeba sanduku lao kichwani, na akitaka kwenda mji wa pili lazima awe na kikopo shingoni. Safari ni moja, njia ni moja, lakini uhuru wa kusafiri ulikuwa wa watu wawili tu.

KONGO NA NDEGE ZA PUNDAMILIA

Miaka ya 1929 hadi 1931 wakaenda Kongo ya Mbelgiji, ukiwemo msitu wa Ituri, kurekodi Wambuti na sokwe wakubwa. Sinema yake, Congorilla, ilitoka 1932 na ilitangazwa kama sinema ya kwanza ya sauti kutengenezwa Afrika. Humo Wambuti wanachezeshewa muziki wa jazi na kupewa sigara kubwa ili mtazamaji acheke jinsi wanavyohangaika nayo. Hawa ni watu wanaojua msitu ambao Martin asingetoboa humo wiki moja peke yake. Kwenye kamera wakageuzwa vichekesho.

Mwaka 1933 wakarudi na ndege mbili zinazoweza kutua majini. Moja imepakwa milia ya pundamilia ikaitwa Osa's Ark, nyingine mabaka ya twiga ikaitwa Spirit of Africa. Wakaruka juu ya mbuga na maziwa, wakapiga picha za Kilimanjaro na mlima Kenya kutoka angani. Hizo picha ni nzuri mpaka leo, na zinatuonyesha makundi ya wanyama kabla mambo hayajabadilika. Kazi yao ina thamani, hilo halipingiki.

MWISHO WA SAFARI

Januari 1937, wakiwa Marekani kwenye ziara ya mihadhara, ndege ya abiria waliyopanda ilianguka milimani karibu na Burbank, California. Martin alifariki, akiwa na miaka 52. Osa aliumia vibaya lakini alinusurika, na aliendelea na mihadhara akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1940 akatoa kitabu cha maisha yao, I Married Adventure, kikauza balaa. Alifariki 1953 kwa maradhi ya moyo. Kule Chanute kuna jumba la makumbusho lenye majina yao, na mwaka 2006 kampuni moja ya nguo ya Marekani ilianzisha maduka yanayoitwa Martin + Osa. Miaka karibu 70 baada ya ajali bado jina lao lilikuwa linauza mashati.

Jina la Boculy halijauza shati hata moja.

Mimi siandiki haya ili tuwachukie Martin na Osa. Walipendana, walivumilia, walikuwa na ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Lakini zile picha za Afrika zilizobaki vichwani mwa watu wa nje, simba, ngoma, nyasi ndefu na mzungu katikati, nyingi zilitengenezwa enzi zile na watu wa aina yao, na hoteli zetu bado zinazirudia kwenye matangazo.

Na sisi sasa tuna kamera, tunasafiri. Ukienda Kilimanjaro, mpagazi anayekubebea begi ana jina, na analijua jiwe kwa jiwe la ile njia. Ukiposti ile picha ya kileleni, liandike jina lake, kama mwenyewe amekubali. Muulize pia analipwa shilingi ngapi kwa siku. Wajukuu zake wakija kutafuta siku moja, wamkute.