Mtumba Katika Nchi ya Buha: Historia ya Nguo za Kila Siku Kasulu na Kibondo

Neno mtumba lina umri mkubwa kuliko biashara inayoitwa kwa jina hilo leo. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ujiji, mtumba lilikuwa furushi la nguo au bidhaa nyingine lililokazwa kwa kamba na kufungwa vizuri ili pagazi, yaani mchukuzi wa kulipwa, aweze kulibeba begani kwa miezi kadhaa bila kulegea wala kulowana, na uzito wake ulikadiriwa kuwa frasila mbili, ambazo ni takriban kilo 32. Furushi linaloshushwa leo kutoka kwenye lori mjini Kasulu, ambalo wafanyabiashara huliita belo, kwa kawaida lina kilo 45 za nguo zilizokwishavaliwa Ulaya, Marekani au Asia, nalo huendelea na safari kuelekea vijijini likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki. Historia ya mavazi ya Waha, yaani wenyeji wa Buha, imo kati ya mafurushi hayo mawili, na katika kila hatua yake linarudi swali lile lile la nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua mtu wa kawaida avae nini.

Buha ni nchi ya milima na mabonde katika mkoa wa Kigoma, yenye baridi kali alfajiri za Juni na Julai, na hapo zamani ilikuwa na falme kadhaa zikiwemo Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Kakonko. Kabla ya pamba kufika, wakazi wake walivaa ngozi za mbuzi na ng'ombe pamoja na mbugu, yaani vazi la gome la mti wa jamii ya mkuyu. Gome hilo lilichunwa mtini, likalowekwa, kisha likapondwa kwa nyundo ya mti yenye mifuo mpaka likatanuka na kulainika, na katika nchi za Maziwa Makuu ilikuwa desturi kulifunika shina lililochunwa kwa majani ya migomba ili gome jipya liote na mti uvunwe tena. Katika Kirundi, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiha, neno impuzu leo lina maana ya nguo kwa jumla, ilhali katika Kinyarwanda neno hilo hilo linataja vazi la gome. Vazi lenyewe lilikwisha kutoweka, lakini jina lake likabaki kwenye mashati yaliyoshonwa mbali kabisa na mti wowote wa Buha.

Pamba ilifika kwa njia ya biashara ya chumvi, pembe za ndovu na watumwa. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutokana na maji ya chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi, iliwavuta wachuuzi wa mbali kwa vizazi vingi, na Ujiji ilipokuwa kituo kikuu cha misafara kwenye Ziwa Tanganyika, vitambaa vilianza kupita Buha kwa wingi. Kilichotafutwa zaidi kilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Kilichokifuata kilikuwa kaniki, kitambaa cha buluu iliyokoza kutoka India. Kipimo kilikuwa mkono: mikono minne ilifanya shuka moja, shuka mbili zikafanya doti, na kitambaa kizima kilichokunjwa kiliitwa gora, neno ambalo madukani leo husikika kama jora.

Katika Buha vitambaa hivyo havikuwa vazi tu, kwa kuwa vilitumika pia kama fedha, na zaidi ya hapo vilikuwa hongo, yaani ushuru ambao msafara uliutoa kwa mtawala ili uruhusiwe kupita katika nchi yake. Henry Morton Stanley alipoikaribia Ujiji mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, alitozwa na mtawala mmoja wa Waha zaidi ya doti 70, akatozwa tena mbele kidogo, na alipoambiwa kuwa watawala wengine walikuwa wakimsubiri njiani, aliamua kupenya usiku kwa siri ili kunusuru mizigo iliyobaki. Vitabu vya wasafiri vimelieleza tukio la namna hiyo kama uporaji, lakini maelezo hayo yanasahau kwamba misafara ilipita katika nchi ya watu, ikinywa maji yao na kula chakula chao, na kwamba hongo ndiyo iliyokuwa forodha ya wakati huo. La kusikitisha ni kwamba nguo zilizopatikana kwa njia hiyo zilimfikia kwanza mwami, yaani mfalme, na wakuu wake, ilhali mkulima aliyezipisha shambani mwake aliendelea kuvaa ngozi na mbugu.

Ukoloni uliwafungulia watu wa kawaida mlango wa kupata nguo, ila kwa gharama kubwa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya Waingereza kukabidhiwa Tanganyika, Kasulu na Kibondo zikafanywa hazina ya vibarua: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, mazao ya kuuza yalikuwa machache, na njia iliyobaki ilikuwa kusafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba ya mkataba wake, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji wao ulisimamiwa na SILABU, ofisi ya vibarua iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge. Kijana aliyekata mkonge mpaka kipande chake kikajaa, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi, alirudi nyumbani na sanduku lenye kaptura, shati, blanketi na doti za kanga kwa ajili ya mama na mchumba. Thamani ya nguo hizo ilihesabiwa kwa miezi ya kazi kabla ya kuhesabiwa kwa shilingi, na ndiyo maana ziliviringishwa, zikahifadhiwa na kuvaliwa siku za harusi na ibada peke yake. Kabuti, yaani koti zito refu la kijeshi, nalo lilithaminiwa sana katika nchi ya baridi. Makoti ya namna hiyo yaliyobaki baada ya vita kuu mbili za dunia yaliuzwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati, na kwa haki yanastahili kuhesabiwa miongoni mwa mitumba ya kwanza kwa maana ya sasa.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa lilikusudia kujivika lenyewe. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilizinduliwa mwaka 1968, vikafuata viwanda vingine kama Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma, na kwa miaka kadhaa kanga, vitenge na vitambaa vya nchini vilifika hata katika maduka ya vijiji vipya vilivyoundwa na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Lakini mfumo wa ugawaji ulikuwa mrefu na dhaifu: bidhaa zilipitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa, iliyojulikana kwa kifupi cha RTC, kisha zikaenda kwenye maduka ya ushirika yaliyopewa nafasi ya maduka binafsi katika Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Gharama ya vita dhidi ya Idi Amin ya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vilipoongezeka, viwanda vikakosa vipuri na maduka yakabaki na rafu tupu. Kitambaa kilipatikana kwa kibali, kwa foleni, au kwa mlanguzi, yaani mtu aliyenunua kwa bei ya serikali na kuuza kwa bei ya dhiki. Wakazi wa Buha walio karibu na mpaka walitafuta sabuni na vitenge Burundi kwa njia za magendo, na katika sehemu mbalimbali za nchi wapo waliojifunga magunia.

Hali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mitumba ilipokelewa kwa nguvu namna ile. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zilitoka wapi, na Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985, milango ilizidi kufunguka hata akapewa jina la Mzee Rukhsa. Nguo zilizotumika zilimiminika. Watu waliziita kafaulaya, yaani nguo za mtu aliyefia Ulaya, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuamini kwamba mtu aliye hai angetoa shati zima lisilo na tobo. Jina hilo lilibeba aibu na woga, na wapo waliochemsha nguo mara mbili tatu kabla ya kuzivaa. Hata hivyo, aibu ilikwisha upesi kuliko nguo zenyewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza mwanakijiji wa Makere au Kabanga alisimama mbele ya rundo la nguo mia moja zisizofanana, akachagua. Wanyarwanda huiita mitumba caguwa, neno lililotokana na chagua ya Kiswahili, na jina hilo linaeleza kilichotokea vizuri kuliko kafaulaya.

Kufunguliwa kwa belo kunastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana hapo ndipo faida au hasara ya mchuuzi hujulikana. Mchuuzi hununua belo likiwa limefungwa, akijua aina ya nguo zilizomo na daraja lake tu: mashati ya kiume, sketi, sweta, nguo za watoto mchanganyiko. Kamba za plastiki zinazolifunga zinapokatwa, nguo zilizogandamizwa kwa mashine hufutuka kama unga wa mkate uliochachuka, zikitoa harufu ya dawa na ghala. Wateja wa mwanzo huwa wamekwisha kuzunguka. Nguo za daraja la kwanza huondoka ndani ya nusu saa kwa bei ya juu, nyingi zikinunuliwa na wachuuzi wadogo watakaozifua, kuzipiga pasi ya mkaa na kuzitundika kwa vibanio. Zinazofuata hupangwa chini juu ya turubai siku ya gulio, yaani soko la siku maalumu ya juma, na bei hushuka kadiri jua linavyopanda. Mnunuzi mzoefu hashawishiwi na rangi. Huinua nguo dhidi ya mwanga ili vitobo vionekane, hukagua kola na makwapa, huvuta mshono kwa vidole viwili, hupandisha na kushusha zipu, kisha huanza kulalamikia bei.

Kinachotafutwa zaidi si fasheni. Mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi husaka mashati meupe yanayoweza kuwa sare ya shule ya msingi, pamoja na sketi na kaptura za buluu. Elimu isiyo na ada ilipoanza mwaka 2016, gharama ya sare ilibaki mabegani mwa mzazi, na shati jeupe la mtumba likaendelea kumvusha mtoto mwaka. Sweta na makoti hutafutwa na wale wanaoamka alfajiri kwenda shambani, na shuka zito la kitanda kutoka Ulaya hugeuka pazia au shuka la kujifunika la watoto watatu. Pembeni ya turubai hukaa fundi cherehani, ambaye bila yeye nusu ya belo isingevalika: hupunguza viuno vya suruali zilizoshonwa kwa ajili ya miili mikubwa, hugeuza kola iliyochakaa ili upande wa ndani uwe nje, na kutokana na gauni moja la mtu mzima hutoa magauni mawili ya watoto.

Historia hii ina sehemu ambayo ni ya Kasulu na Kibondo zaidi ya wilaya nyingine nyingi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka, na kambi zikaenea katika wilaya hizo: Mtabila na Muyovozi upande wa Kasulu, Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo wa wakati ule, na Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Nguo na mablanketi ya msaada yaligawiwa humo, na aliyekosa kitu cha kuongezea mgawo wa chakula aliuza blanketi lake au kuibadilisha kanga yake kwa mihogo na maharage ya Waha. Masoko ya kambini yakawa mahali pa kukutana, Kiha na Kirundi zikisikilizana bila mkalimani, na mafundi wa Kikongo wakawa na wateja wenyeji waliopenda mishono yao ya vitenge. Ni makosa kuyaeleza makambi hayo kama mzigo peke yake, wakati mavazi ya wilaya hizi yanaonyesha wazi kilichopokelewa.

Viwanda vya nguo vya taifa, kwa upande mwingine, vingi vilifungwa au kudhoofika katika miaka ya 1990, na lawama imekuwa ikitupwa kwa mitumba. Lawama hiyo ina ukweli, lakini si wote, kwa kuwa vilikuwa vimekwisha kukosa vipuri na umeme wa uhakika kabla ya mabelo kuruhusiwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyotolewa kwa bidhaa za Afrika chini ya sheria ya Marekani ya AGOA, na Tanzania pamoja na Uganda zikarudi nyuma, huku Rwanda ikishikilia msimamo wake na kusimamishiwa nafuu hiyo kwa mavazi mwaka 2018. Tanzania ilibaki na ushuru, pamoja na katazo la Shirika la Viwango (TBS) dhidi ya nguo za ndani zilizotumika.

Jua linapotua siku ya gulio, zilizobaki huuzwa kwa fungu bila kuchaguliwa. Fulana zilizochanika hukatwa kuwa madekio na matambara ya gereji, vipande vidogo husokotwa na watoto kuwa mpira wa kuchezea, na sweta zisizokuwa na mnunuzi hufumuliwa uzi kwa uzi, uzi huo ukaviringwa upya na kufumwa kuwa kofia za watoto wachanga watakaozaliwa kabla ya baridi ya Juni.