Mshumaa wa Faraday

Michael Faraday, mwana wa mhunzi wa Uingereza, hakupata shule nyingi. Alijifunza kazi ya kujalidi vitabu mjini London, akavisoma vile alivyovijalidi. Mwaka 1812 alipewa tikiti za kumsikiliza mtaalamu Humphry Davy, na mlango wa sayansi ukamfungukia. Naye hakuufunga nyuma yake. Katika mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanzishwa na Royal Institution mwaka 1825, Faraday aliweka chombo chenye barafu juu ya mshumaa unaowaka. Matone ya maji yakaonekana kitakoni, na vijana wakashuhudia ya kuwa mwali huzaa maji. Siku hizi mihadhara hiyo hutazamwa katika intaneti, lakini uvumi nao hupita njia iyo hiyo. Basi, msomaji, ukiletewa neno la sayansi, usilipokee mpaka uonyeshwe ushahidi wake, kama walivyoonyeshwa vijana wale.