Dua ya Maji, kutoka Ngarambe hadi Songea

Njia ya maji inaanzia Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji. Watu wa Umatumbi, Ungindo na mbali zaidi walimiminika hapa kwa makundi, wamechoshwa na kodi, viboko na mashamba ya pamba ya lazima, kumwendea Kinjekitile Ngwale, aliyepandwa na pepo wa Hongo tangu 1904. Aliwanyunyizia maji. Ombi lao halikuwa na mafumbo: risasi za Mjerumani zigeuke maji.

Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, vita vya Majimaji vikawaka. Tarehe 4 Agosti Kinjekitile akanyongwa Mohoro. Kwa akili yangu, imani ingekufa siku ile pamoja naye. Badala yake ilisambaa. Tarehe 30 Agosti maelfu waliliendea boma la Mahenge lenye bombomu mbili, na waliotangulia walipoanguka, waliokuwa nyuma yao waliendelea kusonga mbele.

Wapo wanaosema dua ile ilijibiwa kwa kuchelewa: makabila yalishikamana, na uhuru ukaja 1961. Naielewa faraja hiyo, lakini siikubali. Aliyesimama mbele ya bombomu hakuwa akiwaombea wajukuu bendera. Aliomba arudi kwake akiwa hai, na hakurudi. Jeshi la Wajerumani lilipochoma vyakula na maghala, njaa iliua wengi kuliko risasi, na juu ya njaa maji hayakuwa yameahidi lolote.

Wala shaka yangu juu ya dua si ya upande mmoja. Askofu Cassian Spiss, na mabruda na masista aliosafiri nao kwenda Peramiho, waliuawa njiani na wapiganaji Agosti hiyohiyo. Siamini kwamba walikufa bila kusali.

Songea ndipo ninaposhindwa kwenda mbele. Hapa, tarehe 27 Februari 1906, makumi ya Wangoni walinyongwa, akiwamo Nkosi Mputa Gama, na leo kaburi lao la pamoja liko kwenye Makumbusho ya Majimaji. Kabla ya kitanzi, padre Mbenediktini aliwabatiza wengi wao. Wanaume walioona maji ya kwanza yakishindwa waliinamisha vichwa kupokea ya pili, kutoka kwa dini ya waliowahukumu. Labda ilikuwa hofu, labda imani. Kilichonishika ni kwamba, baada ya yote waliyoyaona, bado walikuwa na jambo la kuomba.