Dada, Binamu, Rafiki: Mapenzi ya Wanawake katika Historia ya Anime

Lugha yetu ni tajiri wa majina yanayowaunganisha wanawake: dada, binamu, wifi, somo, shoga, mwandani. Kila jina humpa mtu mahali pake nyumbani na mtaani. Je, hutokea nini pale ambapo wanawake wawili wanapendana, kila mtu anawaona, lakini jina la uhusiano wao halikubaliki kutamkwa? Mara nyingi jamii haiwatenganishi. Huwaazima jina jingine. Historia ya filamu za katuni za Kijapani, yaani anime, inalionyesha jambo hili vizuri. Nitaieleza kwa ufupi, na humo humo nitapendekeza zile ninazoziona kuwa bora.

Mwanzo wake si studio bali ni shule. Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitoa amri iliyoutaka kila mkoa uwe na angalau shule moja ya sekondari ya wasichana. Lengo halikuwa kuwakomboa. Dola ilitaka kupata "mke mwema na mama mwenye hekima" atakayelilelea taifa raia watiifu. Lakini sera huzaa watoto ambao haikuwatarajia. Kwa mara ya kwanza maelfu ya wasichana waliishi miaka kadhaa baina ya nyumba ya baba na nyumba ya mume, wakisoma, wakiandikiana barua na kupendana. Uhusiano wa msichana mkubwa na mdogo uliitwa kwa herufi moja tu, S, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya dada. Wazazi na walimu wengi waliuvumilia kwa sharti lisiloandikwa: kwamba utakwisha siku ya kuolewa. Sharti hilo lilikuwa zito. Mwaka 1911 wahitimu wawili wa shule ya wasichana ya Tokyo walijitosa pamoja baharini katika mkoa wa Niigata, na magazeti yakageuza msiba wao kuwa mjadala wa kitaifa kuhusu hatari ya urafiki wa wasichana.

Aliyeipa hali hiyo fasihi yake ni Yoshiya Nobuko (1896–1973). Kuanzia 1916 alichapisha katika jarida la wasichana hadithi fupi zilizokuja kuitwa Hana Monogatari, yaani Hadithi za Maua. Zilifikia 52, na nyingi zinahusu wasichana wanaopendana na kutengana. Yoshiya mwenyewe hakukubali kutengana. Mwaka 1923 alikutana na Monma Chiyo, mwalimu wa hesabu, wakaishi pamoja kwa takriban nusu karne. Hatuna haja ya kumfanya mtakatifu. Katika miaka ya vita alikuwa miongoni mwa waandishi waliotumwa na dola kwenda kuandika habari za jeshi lake nchini China. Lakini tendo lake la mwaka 1957 linastahili kukumbukwa. Kwa kuwa sheria haikuwa na njia ya kuwatambua kuwa wenzi, alimuasili Monma. Mbele ya karani wa serikali, mpenzi wake wa zaidi ya miaka thelathini akaandikwa kuwa binti yake. Hapakuwa na jina jingine lililobaki la kuazima.

Baada ya vita, shule nyingi zilichanganya wavulana na wasichana, na mapenzi ya S yakafifia. Yalirudi mwaka 1971 katika manga, hadithi za picha, pale Yamagishi Ryoko alipochapisha Shiroi Heya no Futari, ambayo wengi huihesabu kuwa manga ya kwanza ya aina inayoitwa yuri. Kisa kiko katika bweni la wasichana nchini Ufaransa. Mmoja anakufa, mwenzake anabaki na upweke. Kanuni hiyo ilitawala kwa miaka mingi: wapendane, lakini kifo kifanye kazi ambayo zamani ilifanywa na ndoa. Jina yuri lenyewe, lenye maana ya yungiyungi, lilipata maana hii katika miaka ya 1970, pale mhariri wa jarida la wanaume wapenda wanaume alipowaita wanawake wa aina hiyo "kabila la yungiyungi". Hata jina lao, basi, walipewa na mwanamume.

Kazi bora ya zama za huzuni ni Oniisama e, manga ya Ikeda Riyoko iliyogeuzwa kuwa anime ya vipindi 39 mwaka 1991, chini ya uongozaji wa Dezaki Osamu. Jina lake lina maana ya "Kwa Kaka", kwa sababu mhusika mkuu, Nanako, huandika barua kwa mwanamume anayemwita kaka. Ni hadithi ya shule ya matajiri, chama cha siri cha wasichana, wivu na dawa za kulevya. Aibu na majivuno ya kitabaka huwaumiza wasichana hawa kuliko mapenzi yao. Ni nzito, lakini haina kipindi cha kupoteza muda.

Mabadiliko yalikuja na Sailor Moon. Katika msimu wake wa tatu, ulioanza 1994 chini ya Ikuhara Kunihiko, walitokea Haruka na Michiru, wapiganaji wawili wanaopendana wazi. Hawakufa kwa sababu ya mapenzi yao. Watoto wa Japani waliwatazama, na dunia haikupasuka. Kumbe kazi ya kuazima majina ilihamia ng'ambo: toleo la Kiingereza lililorushwa Marekani mwaka 2000 liliwageuza kuwa mabinamu. Picha zilibaki zilezile, macho yaleyale, mikono ileile iliyoshikana. Yaliyobadilishwa ni maneno. Matokeo yakawa ya ajabu, maana watazamaji waliletewa mabinamu wanaotongozana. Ilibidi kusubiri tafsiri mpya ya miaka ya 2010 ndipo warudishiwe uhusiano wao.

Ikuhara aliendelea, na mwaka 1997 akatoa Shojo Kakumei Utena, vipindi 39, ambayo kwangu ndiyo kilele cha historia hii. Utena ni msichana anayetaka kuwa mwana wa mfalme badala ya kumsubiri. Anapigana kwa panga ili kumkomboa Anthy, "Bibi Harusi wa Waridi", ambaye kila mshindi humchukua kama mali. Swali la hadithi ni la kisiasa: je, unaweza kumkomboa mtu huku ukiendelea kuheshimu kanuni zilizomfunga? Anthy haokolewi na upanga. Mwishowe hufungasha virago na kutoka mwenyewe langoni mwa shule. Anayefundisha nadharia ya mfumo dume angeweza kuanza somo lake hapo.

Karne hii ilianza kwa kurudi nyuma. Maria-sama ga Miteru, iliyotokana na riwaya za Konno Oyuki na kuwa anime mwaka 2004, ilifufua shule ya Kikatoliki ambamo mkubwa humvisha mdogo rozari na kumfanya dada yake. Ni nzuri na ya upole, lakini inakaa ndani ya jina la kuazima kwa hiari. Jibu lake ni Aoi Hana ya mwaka 2009, vipindi 11 tu, kutoka manga ya Shimura Takako. Mandhari yake ni Kamakura, mji uleule ambamo Yoshiya na Monma walimalizia maisha yao. Humo Fumi, msichana mwenye haya na mwepesi wa machozi, anamwambia rafiki yake wa utotoni kwamba ana mpenzi, na mpenzi huyo ni msichana. Hakuna radi wala muziki mkubwa. Mtu ametaja jambo kwa jina lake, basi.

Mwaka 2018 ikafuata Yagate Kimi ni Naru, vipindi 13, kutoka manga ya Nakatani Nio. Yu anajua nyimbo zote za mapenzi lakini moyo wake hautikisiki. Toko anampenda mradi tu asipendwe naye. Pembeni yao wapo wanawake wawili watu wazima, mwalimu na mwenye mkahawa, wanaoishi pamoja. Uwepo wao mdogo ndio mapinduzi yenyewe, kwani unamwambia msichana kwamba kuna maisha baada ya kuhitimu. Sharti la zamani limefutwa.

Limefutwa katika hadithi, nasema. Mwaka 2022 Gundam, hadithi ya mitambo ya vita iliyoanza 1979, ilimpa msichana uongozi wa mfululizo wake wa televisheni kwa mara ya kwanza. Suletta anamshinda kwa pambano mchumba wa kike, Miorine, na mwishowe, Julai 2023, wote wawili wanavaa pete. Jarida moja la manga likachapisha mahojiano yaliyotaja ndoa yao; toleo la kidijitali likaliondoa neno hilo, na kampuni ikaeleza kwamba inawaachia watazamaji tafsiri. Pete zilikuwa zimeonekana na mamilioni. Kilichoogopwa ni neno.

Woga huo una mizizi katika sheria. Mahakama ya Sapporo mwaka 2021, na ya rufani mwaka 2024, zilisema kuwanyima wenzi wa jinsia moja ndoa kunapingana na katiba. Hata hivyo sheria yenyewe haikubadilishwa kwa hukumu hizo. Nasi hatuna haki ya kuwacheka Wajapani. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba tu, na kumbi zikajaa. Jina la filamu hiyo ni Rafiki, neno ambalo wapenzi wa aina hiyo hulazimika kulitumia wanapotambulishana. S, binti, binamu, rafiki: orodha ni moja.

Kwa anayetaka kuanza, ningemshauri aanze na Aoi Hana kwa ufupi na ukweli wake, kisha Yagate Kimi ni Naru, ndipo apande Utena. Oniisama e aiweke mwisho, akiwa na moyo wa kuistahimili. Na akitazama, asikilize wahusika wanaitana nani, na ni nani aliyewachagulia jina hilo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Karne nzima ya majina ya kuazima ilikuwa kimya cha namna hiyo, na mshindo wake sasa unasikika mahakamani.