Kivinjari tulichokicheka na bado tukakihitaji

Ukitaka kuwachekesha watu wa kompyuta, wewe taja tu Internet Explorer. Kila mtu ana kichekesho chake: ilivyokuwa nzito, ilivyokwama, ilivyokaribisha virusi kama wageni wa harusi. Sawa, tucheke. Lakini kuna upande mmoja wa historia yake usiochekesha hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka kumi, watu wenye kompyuta za Mac na Linux waliitafuta Explorer kwa udi na uvumba. Hawakuwa wakiipenda. Kazi yao, benki yao au fomu ya serikali yao ilikuwa nyuma ya mlango ambao Explorer peke yake ndiyo iliyokuwa na ufunguo.

Nami nililionja hilo kidogo. Nilipoanza kazi hii ya uandishi laptopu yangu ilikuwa ya Ubuntu, na ofisi moja niliyoiandikia makala ilikuwa na mfumo wa kudai malipo uliofunguka kwa Explorer tu. Kila mwisho wa mwezi nikawa mgeni wa mhasibu, nimekaa kwenye kiti chake kwa dakika kumi. Siku moja akaniuliza kwa huruma, "Kwani mdogo wangu, kompyuta yako ina ugonjwa gani?" Haikuwa na ugonjwa wowote. Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuchimba: ilikuwaje hadi kompyuta nzima ionekane mgonjwa ilhali kinachokosekana ni kivinjari kimoja ambacho hakuna anayekipenda?

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa 1994 Netscape Navigator iliingia sokoni na kwa muda mfupi ikawa ndiyo mtandao wenyewe machoni pa watu. Microsoft walichelewa. Explorer ya kwanza ilitoka Agosti 1995, ikiwa imejengwa juu ya leseni ya Mosaic kutoka kampuni ya Spyglass. Sasa sikiliza hili. Wakati ule tovuti nyingi zilikuwa zinamuuliza kila mgeni jina la kivinjari chake. Akijibu "Mozilla", jina la siri la Netscape, anapewa ukurasa mzuri. Asipojibu hivyo anapewa makombo. Microsoft wakafanya nini? Wakaifundisha Explorer nayo ijiite Mozilla. Kwa hiyo kivinjari kilichokuja kuwafungia wengine mlango, chenyewe kiliingia kwa jina la kuazima. Hadi leo karibu vivinjari vyote vikubwa bado vinaanza utambulisho wao kwa neno hilo hilo.

Mwaka 1996 Microsoft wakaleta ActiveX, na hapo ndipo fundo lenyewe lilipofungwa. Ukurasa wa kawaida wa wavuti ni maandishi na maelekezo ambayo kivinjari chochote kinaweza kuyasoma. ActiveX ni kitu kingine. Ni kipande cha programu ya Windows kinachosafiri kupitia ukurasa, kikifika kwenye kompyuta yako kinajisimika na kufanya kazi kama programu nyingine yoyote uliyoinunua dukani. Kwa mtengenezaji wa mfumo wa ofisi ilikuwa raha tupu: unaweza kusoma kadi, kuchapisha risiti, kufungua faili, yote ndani ya kivinjari. Lakini kinachoonekana kama ukurasa wa wavuti ni Windows iliyovaa kanzu ya wavuti. Mwenye Mac au Linux hata ahangaike vipi, kipande kile hakijui kukaa nyumbani kwake.

Hapa kuna mtu atauliza, mbona Explorer ya Mac ilikuwepo? Kweli, ilikuwepo. Agosti 1997, jijini Boston, Steve Jobs alipanda jukwaani akatangaza kwamba Microsoft wanawekeza dola milioni 150 ndani ya Apple na kwamba Explorer ndiyo itakuwa kivinjari cha kuanzia kwenye Mac. Ukumbi wa mashabiki wa Apple ukazomea. Yalitoka hata matoleo ya Solaris na HP-UX, mifumo ya mashine kubwa za maofisini na vyuoni. Linux haikupata toleo lake hata siku moja.

Ila jina moja si mtu mmoja. Explorer 5 ya Mac, iliyotoka 2000, ilikuwa na injini yake yenyewe, tofauti kabisa na ile ya Windows. Wajuzi waliisifu kwa kufuata kanuni za wavuti kuliko ndugu yake. Lakini ukienda nayo kwenye mfumo wa ofisi uliojengwa kwa ActiveX, hola. Ofisi ilisema inataka Explorer. Kwa kweli ilikuwa inataka Windows. Kisha Juni 2003, miezi michache baada ya Apple kuleta Safari, Microsoft wakatangaza kwamba hawataiendeleza tena Explorer ya Mac. Msaada ukakoma mwisho wa 2005, na Januari 2006 hata mahali pa kuipakua pakafungwa.

Kwa nini maofisi yalikubali kujifunga hivyo? Jibu ni hesabu ya duka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliokuwa mtandaoni walitumia Explorer, kwa sababu ilikuja ndani ya Windows bila kuombwa. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa mambo hayo Mei 1998. Juni 2000 jaji akaamuru kampuni igawanywe vipande viwili, mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta amri hiyo, na kesi ikaishia kwenye mapatano. Netscape ilikuwa imeshaanguka. Fundi anayelipwa kujenga mfumo kwa miezi mitatu ajaribu vivinjari vitano vya nini? Anajaribu kimoja, anakabidhi, anachukua hundi yake. Tena Explorer 6 ilitoka 2001 na Explorer 7 haikuja hadi Oktoba 2006. Miaka mitano bila toleo jipya kubwa! Wakubwa wa maofisi wakaamini kwamba hivyo ndivyo wavuti ilivyo na itakavyokuwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watu waliinama kweli kweli. Watumiaji wa Linux walikuwa na Wine, mradi ulioanza 1993 wa kuziendesha programu za Windows bila Windows yenyewe, na juu yake ikaja skripti iitwayo IEs4Linux iliyosimika Explorer kwa amri moja. Wenye Mac walinunua Virtual PC, yaani kompyuta ya Windows ndani ya kompyuta yako, ikijikokota kama daladala kwenye mlima. Kuanzia 2006, Mac zilipoanza kutumia vichakato vya Intel, wakapata Boot Camp ya kuwashia Windows yenyewe. Njia hizo mbili za Mac zilitaka ununue leseni ya Windows, kwa hiyo aliyekuwa ameikimbia Microsoft alirudi kuilipa. Wengine walibadilisha tu jina la kivinjari: Opera kwa miaka kadhaa ilijitambulisha kama Explorer ili isifukuzwe mlangoni. Mara nyingi ilipita na kila kitu kikafanya kazi vizuri, jambo linaloonyesha kwamba milango mingine haikuwa na sababu yoyote ya kufungwa.

Hadi hapo unaweza kusema haya ni matatizo ya watu wenye kompyuta mbili. Ngoja kwanza. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Louisiana na Mississippi. Maelfu kwa maelfu ya watu walipoteza nyumba. Shirika la serikali la maafa, FEMA, lilikuwa na fomu ya mtandaoni ya kujiandikisha kupata msaada, na fomu hiyo ilikubali Explorer 6 tu. Fikiria uko kwenye makazi ya dharura, mtu wa kujitolea amekuletea kompyuta, ni Mac au ina Firefox, na tovuti inakwambia kivinjari chako hakifai. Iliyobaki ni simu, na simu zilikuwa zimezidiwa. Aliyejenga fomu ile hakumchukia mtu wa New Orleans. Hakumfikiria tu.

Nchi iliyoumwa na ugonjwa huu kuliko zote ni Korea Kusini, na kisa chake kilianza kwa nia njema kabisa. Katika miaka ya 1990 Marekani iliziwekea mipaka programu za kuficha siri zinazouzwa nje. Vivinjari vilivyotumwa ng'ambo vilikuwa na ulinzi wa biti 40, kiasi ambacho mtaalamu angeweza kukivunja. Wakorea walitaka kufanya benki na biashara mtandaoni, wakaona ulinzi huo ni mlango wa karatasi. Wakatengeneza wao wenyewe mfumo wa biti 128 uitwao SEED, na sheria ya saini za kielektroniki ikaanza kazi 1999. Hongera zao. Lakini SEED haikuwemo ndani ya kivinjari chochote, kwa hiyo ilibidi iletwe kama kipande cha kuongezea. Netscape ilipokufa, kilichobaki ni ActiveX.

Januari 2000 Marekani ikailegeza mipaka yake. Sababu ya SEED ikawa imekwisha, lakini mfumo ulikuwa umeshaota mizizi. Benki, maduka, kodi, vyeti vya serikali, vyote vilitaka cheti cha kidijitali, na cheti kilitaka Explorer. Raia mwenye Mac katika moja ya nchi zilizounganishwa vizuri zaidi na intaneti duniani hakuweza kulipia kiatu mtandaoni. Kejeli yenyewe iko kwenye usalama. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya ulinzi uliwazoesha watu kubonyeza "Ndiyo" kila kisanduku kinapotokea kuomba kusimika kitu, na huo ndio mwanya wenyewe wa wezi. Na Juni 2004 kitengo cha usalama wa kompyuta cha serikali ya Marekani kilikuwa kimeitaja hadharani njia mojawapo ya kujikinga: tumia kivinjari kingine.

Walikuwepo waliopinga. Kim Keechang, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Korea, aliongoza kesi mwaka 2007 dhidi ya taasisi iliyotoa vyeti hivyo, akidai isiwabague wasiotumia Explorer. Wakashindwa ngazi zote, hadi Mahakama ya Juu mwaka 2009. Alichokishindwa profesa kikaanza kutikiswa na simu. Novemba mwaka huo huo iPhone iliingia Korea, na kwenye simu hakuna ActiveX. Ghafla walionyimwa huduma hawakuwa wabishi wachache wa Linux tena. Walikuwa ni watu wa kila aina, wakiwemo mabosi wenyewe.

Halafu ikaja tamthilia. Mwanzoni mwa 2014 Wachina walikuwa wamepagawa na kipindi cha Kikorea kilichoitwa "My Love from the Star" na walitaka kulinunua koti la mwigizaji mkuu wa kike. Maduka ya Korea yakawashinda, kwa sababu malipo yalitaka vyeti na ActiveX. Rais Park Geun-hye akalisema jambo hilo hadharani Machi 2014. Malalamiko ya raia wenyewe yalikuwa yamepuuzwa kwa miaka. Mauzo ya koti yakasikika. Sharti la cheti kwenye ununuzi likaondolewa, na Desemba 2020 mfumo wa vyeti rasmi ukafutwa.

Explorer yenyewe Microsoft waliizika tarehe 15 Juni 2022. Mhandisi mmoja wa Korea aliitengenezea jiwe la kaburi mjini Gyeongju, akaandika kwamba ilikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Dunia nzima ikacheka. Lakini maiti haijazikwa vizuri: ndani ya Edge kuna hali maalumu ya kuigiza Explorer, na Microsoft wameahidi kuiacha angalau hadi 2029, kwa ajili ya maofisi ambayo bado yana mifumo ya zamani.

Somo ninaloliona mimi ni hili. Explorer haikuwafunga watu kwa sababu ilikuwa mbaya. Wakati inatawala, wengi hawakuiona mbaya. Iliwafunga kwa sababu watu waliojenga milango walipima kwa kompyuta zao wenyewe, wakasema wanaobaki ni wachache. Na leo? Edge tangu 2020 inatumia injini ile ile ya Chrome, Opera vivyo hivyo, na nimeshakutana na mifumo zaidi ya mmoja inayoniambia kwa adabu "tafadhali tumia Chrome". Chrome ni kivinjari kizuri. Hata Explorer ilisifiwa siku zake.

Kwa hiyo wewe unayesimamia mradi wa tovuti ofisini kwako, kabla hujasaini hundi ya fundi, muulize swali moja: umeijaribu kwenye kivinjari usichokitumia wewe? Akikwambia wanaokitumia ni wachache, mwambie kwamba hata wale wa kwenye makazi ya dharura ya Katrina wenye kivinjari kingine walikuwa wachache.