Kibali cha Mwanasayansi: Funzo la Rhino Camp

Januari 1910, ukingoni mwa Mto Naili, mahali panapoitwa leo Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Theodore Roosevelt na mwanawe Kermit waliwaua faru weupe tisa. Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa Marekani mwaka uliotangulia, hakuhesabiwa kuwa jangili. Msafara wake, uliotua Mombasa Aprili 1909, ulikusanya vielelezo kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian ya Washington. Ulipokwisha, ulikuwa umepata wanyama zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo.

Ruhusa ya namna hiyo ina historia yake. Mei 1900, mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyamapori. Ingawa haukuanza kutumika rasmi, fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni: mwindaji awe na leseni, wanyama adimu walindwe, na mkusanyaji wa vielelezo vya makumbusho au sayansi aweze kupewa ruhusa maalumu. Katika koloni ambalo leo ni Kenya, leseni ya mwindaji mgeni iligharimu pauni 50, na ya mlowezi pauni 10. Mwenyeji aliyerithi upinde wa babu yake angezipata wapi fedha hizo? Tendo likawa moja, majina mawili: la mwenyeji likaitwa ujangili, la mgeni likaitwa sayansi.

Tuseme haki: vielelezo vile vingali vinafundisha, na wataalamu huvirejea hadi leo. Hata hivyo, ada ziliingia katika hazina ya mkoloni, na maarifa yakavuka bahari pamoja na ngozi na mifupa.

Uhuru ulibadili mkono unaoshika kalamu. Leo, anayetaka kukusanya wanyamapori wa Uganda kwa utafiti huomba kibali kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na kwa Mamlaka ya Wanyamapori, na hulipa ada. Kielelezo cha spishi iliyoorodheshwa katika mkataba wa CITES wa 1973 hakivuki mpaka bila kibali kingine. Itifaki ya Nagoya ya 2010 nayo inadai kwamba faida itokanayo na rasilimali za kijenetiki igawanywe kwa haki na nchi iliyozitoa. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kibali ndilo daftari letu.

Lakini tujihadhari. Ada ikizidi uwezo wa mtafiti kijana wa nchini, tutakuwa tumemfungia mlango uleule aliofungiwa babu yake.

Na wale faru? Uganda iliwapoteza wa mwisho katika miaka ya 1980. Dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, akaacha majike wawili tu. Tangu 2019 wanasayansi wamekuwa wakichukua mayai ya uzazi kutoka Ol Pejeta na kuyapeleka Italia ili watengeneze viinitete. Sayansi iliyokuja na bunduki sasa inakuja na sindano.

Mwanafunzi wangu, tafakari: ungekuwa wewe mwenye muhuri, ungemwuliza nini mwombaji kabla ya kuugonga?